Tundu la Tano

Bwana Rzepka alikuja na tochi mchana kweupe.
Alivua viatu mlangoni, mtu mstaarabu,
akapitisha kidole ukutani
kama daktari anayetafuta jipu,
akihesabu kwa Kipolandi, polepole, ili nami nielewe:
moja, mbili, tatu, nne.
La tano alilikuta nyuma ya mlango wa jikoni.
Hapo akatabasamu.

Zloti mia na ishirini kila tundu.
Doa la chai chini ya dirisha, mia mbili.
Kitasa kilicholegea, mia tatu na hamsini.
Jiko, nililolisugua usiku kucha
hadi vidole vikanuka siki,
mia nne na hamsini.
Akafikiri kidogo, akaongeza mia mbili:
"mengineyo".
Akajumlisha nyuma ya bahasha,
na jumla, ajabu ya Mungu,
ikatua palepale ilipolala amana yangu,
elfu moja na mia nane,
bila senti ya kubaki, bila senti ya kudaiwa.

Amana.
Kitu unachomwachia mtu akutunzie,
ukirudi, ukikute.

Miaka miwili na miezi mitatu nimeishi Wrocław,
na nyundo sijawahi kuwa nayo.
Mama yangu kwenye fremu, na mizabibu ya Kakheti,
niliwatundika kwenye misumari niliyoikuta.

Lakini sanduku la barua lilikuwa na jina jingine.
Kila mwezi barua za Zmicier Halubovich,
nami kila mwezi nikiziweka kwenye boksi la viatu,
kwa kuwa barua ya mtu haitupwi.
Moja ilikuwa na anwani ya shangazi yake, Hrodna.
Nikaandika.

Akajibu mistari minne:
*Nami nililipia matundu manne.
Langu lilikuwa moja, la picha ya mbwa.
Mbwa amekufa.
Muulize Quyên, aliyekuwa kabla yangu, sasa yuko Gdańsk, anashona.*

Quyên alinipigia simu, cherehani ikinguruma nyuma yake.
Mawili ni yangu, akasema, bila kuona haya:
moja la kalenda, moja la koti la mwanangu.
Nilikatwa, nikanyamaza, nikaona ni haki.

Basi tundu la kalenda limelipiwa mara tatu
na plasta halijaonja hata siku moja.
Ukuta ule una mapato kuliko mimi.

Na la tano? nikamuuliza. La nyuma ya mlango?
Cherehani ikanyamaza.
Lile, akasema, lilikuwa na msalaba.
Wa mama yake Rzepka. Alifia jikoni pale, kwenye kiti.
Siku ya tatu tangu nihamie alibisha hodi,
akauchomoa pamoja na msumari wake,
akalia kidogo, akaniomba radhi kwa vumbi.

Usiku ule sikulala.
Nilikuwa nimeshaandika barua yenye hasira,
kurasa tatu, na sheria ndani yake,
na neno "mwizi" mara mbili.
Nikaichana. Nikaandika fupi:

*Bwana Rzepka,
hayo manne tutabishana, hata mahakamani.
La tano wewe unalijua.*

Wiki ya kwanza, kimya.
Wiki ya pili, kimya.
Wiki ya tano, nikiwa kwenye tramu,
simu ikatikisika mfukoni:
zloti mia na ishirini zimeingia.

Benki huwa na nafasi ndogo
ya kueleza pesa ni za nini.
Mwingine angeacha wazi.
Yeye alikuwa ameandika
"mengineyo".

Nimeshuka kituo kimoja kabla ya changu,
nikatembea.
Zimebaki elfu moja, mia sita na themanini.
Kesho namwandikia tena.